Bwana Kiliani Hapandi kwa Amri

Kwenu Baba na Mama, Bibi, Baba Mdogo, shangazi zangu, na wengine wote mtakaokuwa mmekaa uwanjani mdogo wangu akiwasomea,

Mimi ni mzima wa afya, ila kidole cha shahada kina bandeji, na habari zake mtazipata humu. Barua nimemkabidhi mama mmoja wa hapa anayekuja Mbinga na msafara wa parokia. Nikituma kwa simu, mdogo wangu husoma nusu na kutunga nusu, kisha ninyi mnabaki na ile aliyotunga.

Nianze kwa kukanusha. Habari zilizofika mpaka Kigonsera kwamba huku Ujerumani nimeajiriwa na ndege, kwamba ndege ndiye bosi na mimi ndiye kibarua, si za kweli. Mwajiri wangu ni nyumba ya kutunzia wazee, ninakosomea uuguzi kwa miaka mitatu huku nikilipwa. Ila ile picha ya mimi nimepiga magoti mbele ya ndege ni ya kweli. Sijahama dini, na Paroko asisumbuliwe. Nitaeleza.

Mnajua nilivyofika huku. Jimbo letu la Mbinga na jimbo la Würzburg ni ndugu wa siku nyingi, na msimamizi wao ni mmoja, Mtakatifu Kiliani, askofu kutoka Ireland ambaye mapokeo yanasema aliuawa mjini hapa mwaka 689. Kwetu kanisa kuu lina jina lake. Huku, mbali na kanisa kuu, amesimama mwenyewe wa jiwe juu ya daraja la zamani la mto Main, na jioni za joto watu hukusanyika miguuni pake na glasi za mvinyo bila wasiwasi wowote. Kila Julai humfanyia sikukuu yenye misa, bembea na bia. Hata kahawa ya milima yetu ya Umatengo inauzwa hapa, pakiti imeandikwa Würzburger Partnerkaffee, na wazee wanaisifia sana. Nikawaambia kwamba sisi tunaoilima tunakunywa chai. Wakadhani natania.

Nyumba ninayoishi ni ya bibi mmoja mjane, mwanakikundi wa urafiki na Mbinga, ambaye aliwahi kufika Litembo akala maharage yetu na mpaka leo anayasimulia. Siku nilipokwenda kuona chumba, aliniambia kodi itakuwa nafuu endapo nitatoa mapipa ya taka, nitaondoa theluji mlangoni, na nitamsaidia kwa Kiliani. Mimi nilikuwa natoka darasani, kwenye somo la wagonjwa waliopotewa na kumbukumbu, nikatoa daftari. Ana umri gani? Arobaini na kidogo. Anatembea? Anatembea. Anakula mwenyewe? Vizuri sana, tena anachagua. Anaongea? Akipenda. Kuna tatizo lolote la tabia? Bibi akatazama chini. Anang'ata. Kwa kazi yetu hilo si geni. Nikaandika "anang'ata", nikauliza kama meno ni ya kwake au ya bandia.

Ndipo akafungua mlango wa sebuleni.

Bwana Kiliani ni kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu, wa ile aina ya misitu ya Kongo inayofika mpaka Uganda na pembe ya kaskazini magharibi mwa nchi yetu. Uzito wake ni kama nusu kilo, na kiburi chake hakijapimwa. Akina Kiliani wote wa Mbinga, nawaomba radhi. Jina alipewa na marehemu mume wa bibi, aliyemnunua miaka ya 1980, enzi ambazo ndege hao walikuwa wakiletwa Ulaya kutoka Afrika kwa makreti. Ujerumani kuna mwongozo wa tangu 1995 wa namna ya kuwafuga. Wa ukubwa wake wanatakiwa wapewe tundu la urefu wa mita mbili, na kasuku asikae peke yake. Tundu analo, na likiwekwa chumbani kwangu mimi nitalala barazani. Mwenza hakuwa naye. Mguuni ana pete yenye namba, na kwenye kabati la vyombo ana cheti chake cha Umoja wa Ulaya. Kibali changu cha kukaa kina tarehe ya mwisho. Karatasi zake nimezipekua zote, tarehe kama hiyo sijaiona.

Baba, najua hapo umeshaanza kucheka. Mkono huu ndio ulioshika manati kule bondeni, tukiamia ngano tangu alfajiri, tukipiga debe na kupayuka mpaka sauti inakauka. Ndege kwetu alikuwa wa aina mbili, wa kufukuzwa na wa kubanikwa. Kuku alikuwa na hadhi yake, lakini hata kuku hakuna aliyemwomba ruhusa ya kumshika. Sasa ndugu zangu, mtu aliyelelewa hivyo analetwa mbele ya ndege mmoja na kuambiwa amfundishe kupanda mkononi kwa hiari.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Marehemu ndiye pekee aliyepandwa. Alikuwa akinyoosha mkono, Kiliani anapanda, wanakwenda pamoja kusoma gazeti. Mzee alipofariki, ndege alibaki na tundu, na kila mkono uliokuja baada ya hapo ulikuja kumkamata, kumsogeza ili pasafishwe au kumpeleka kwa daktari. Akawa anang'ata. Fundi wa mabomba aling'atwa sikio. Jirani aliyeleta keki aling'atwa kidole gumba, na keki ikaliwa. Mtoto wa bibi, mwanamume mzima, mhandisi, huja Jumapili na glavu za ngozi kama za kuchomelea vyuma. Imani yake ni kwamba ndege anatakiwa ajue nani mkubwa ndani ya nyumba. Kwa kweli Kiliani anajua.

Kuna jambo la kusikitisha na la kuchekesha kwa pamoja. Wajerumani wakiumia husema "Aua!", ndiyo "mama weee!" yao. Kiliani ameisikia mara nyingi mno baada ya kung'ata, basi sasa hamsubiri mtu. Anang'ata, halafu anapiga yeye "Aua!" kwa sauti ya mtoto wa bibi, kabla mwenye kidole hajafungua mdomo. Mtu analia na huku anazomewa.

Bibi akamwita daktari. Yupo huku daktari anayetibu ndege, na foleni yake ni ndefu kuliko ya daktari wa watu. Mwanamke mfupi, mpole, mwenye makovu mengi mikononi, nikamwamini kwa hayo makovu. Akakaa mbali na tundu, akatazama nusu saa bila kufanya kitu, kisha akasema Kiliani si mkorofi. Anajibu. Kung'ata ni neno lake la mwisho, na yale ya mwanzo hakuna aliyeyasikiliza.

Akatuonyesha. Kasuku asiyetaka mkono kwanza hujivuta nyuma kidogo, kidogo sana. Ukizidi kusogea, hulaza manyoya yote mwilini akawa mwembamba ghafla. Ukizidi tena, manyoya ya shingo husimama, mkia hutanuka, na mboni za macho zinapanuka na kusinyaa kwa haraka. Wengine huinua mguu na kuusukuma mkono. Wa kijivu akiogopa sana hunguruma. Ndiyo, hunguruma, na mara ya kwanza nilichungulia chini ya kochi nikitafuta mbwa. Kufikia hapo, alisema daktari, ndege ameshakukatalia mara nne kwa adabu. Ukiendelea kunyoosha kidole, hilo pigo umeliomba mwenyewe.

Niliyeelewa upesi nilikuwa mimi, na sababu ni Bibi. Nani hapo uwanjani hajui Bibi akichoka na wageni? Hasemi kitu. Anavuta khanga magotini, anatazama upande wa jikoni, anauliza kama mvua haiji. Mgeni mwenye akili anaaga hapo hapo. Asiye na akili anaendelea kupiga soga mpaka Bibi aseme kwa mdomo, na likishasemwa kwa mdomo limeharibika. Sisi tumekua tukisoma shingo za watu na vidole vyao. Wenyeji wangu wa hapa, kwa wema wao wote, jambo wanalisema. Hutaki chai, unasema sitaki chai, na hakuna anayenuna. Wakapata kiumbe kinachokataa kwa manyoya, wakasema hana adabu.

Sasa yale magoti. Kwa kasuku, kinachoshuka kutoka juu ni kipanga. Ukimsimamia kichwani na kunyoosha mkono kutoka juu, hata kama mkononi una zabibu, ameshakufa moyoni. Sharti macho yako yawe sawa na yake au chini yake. Kitulio cha Kiliani kimewekwa usawa wa kiuno changu, mimi ni mrefu kama mnavyonijua, na nikikaa kitini bado namzidi. Fanyeni hesabu wenyewe.

La pili ni malipo. Kila anapofanya ulichomwomba analipwa papo hapo, kabla hajapepesa jicho. Si kama kahawa yetu, malipo ya awali, malipo ya pili, na yale ya majaliwa ambayo Mungu ndiye anayejua. Ukichelewa tu, hajui analipwa kwa lipi, naye huacha kazi. Shida ilikuwa alipwe nini. Daktari alikataza alizeti nyingi, ina mafuta na haina chokaa ya kutosha, na kasuku wa kijivu wakipungukiwa chokaa hupata degedege. Parachichi ni sumu kwake. Parachichi, jamani, ambalo huko msimu wake hata nguruwe analisusa! Hata sufuria zisizogandisha chakula zimepigwa marufuku ndani ya nyumba hii, kwa kuwa zikiungua hutoa hewa inayoua ndege. Ndiyo sababu nasonga ugali kwenye sufuria ya kawaida, na bibi huniangalia kwa heshima kana kwamba nafanya hivyo kwa ajili ya Kiliani.

Na ugali ndio uliotatua. Jioni moja nilikuwa nakula karibu na tundu, ugali, maharage, na pilipili kichaa niliyoipata kwa Mvietnamu sokoni. Kiliani akanyoosha shingo mpaka nikadhani itakatika. Nikampa pilipili nzima. Bibi akapiga kelele kwamba hiyo ni kumtesa mnyama, na huku jambo hilo lina sheria na faini. Kiliani akaishika kwa mguu, akaipasua, akala mbegu moja moja akifumba macho, akadondosha ganda na kuomba nyingine. Ndege hawausikii ukali wa pilipili. Kile kinachouunguza ulimi wetu, kwao hakina pa kushika, na ndiyo maana porini ndege ndio wanaozisambaza mbegu zake. Mtoto wa bibi hakuamini kwamba pilipili ndogo vile inaweza kuwa na neno, akaonja. "Aua," akasema. "Aua," akajibu Kiliani kutoka tunduni.

Tukaanza kazi. Kwanza hakuna mkono kabisa, nakaa tu karibu naye nasoma masomo yangu ya vidonda vya mgongo, mara kwa mara napitisha kipande cha pilipili kwenye nondo za tundu. Halafu kijiti, vile vya kulia wali wa Kichina. Akikigusa ncha kwa mdomo, nabonyeza kidude kinachosema "tik", nalipa. "Tik" ndiyo risiti, inamwambia kwamba lile alilofanya sekunde hii ndilo linalolipwa. Kijiti kikaenda kushoto, naye kushoto. Kikaenda juu, naye akapanda. Nilihisi kama dereva wa bodaboda aliyepata injini mpya, mpaka nilipogundua kwamba yeye ndiye aliyekuwa akinifundisha mahali pa kuweka pilipili.

Kisha mkono. Hapa ndipo wengi wanapoharibu, na hapa nawaomba msimkatize msomaji. Mkono unauleta polepole, unaulaza mbele ya tumbo lake, juu ya miguu kidogo tu, thabiti. Humsukumi. Unasubiri. Sasa kasuku, kabla ya kupanda popote, hutangulia na mdomo. Mdomo wake ni mguu wa tatu. Anaushika mkono wako kwa mdomo kupima kama utamhimili, sawasawa na sisi tunavyogusa jiwe la kuvukia mto Ruhuhu kabla ya kulikanyaga. Mtu anaona mdomo mkubwa mweusi unamjia, anadhani anang'atwa, anavuta mkono. Ndege anaanguka au anayumba. Kesho akiuona mkono ule ule anajua ni wa kuteleza, anaubana kwa nguvu zaidi ili usikimbie, mtu anapiga ukelele, na ugomvi umezaliwa ambao hakuna aliyeukusudia. Familia nzima hii, pamoja na mhandisi, ilikuwa imepitia hapo.

Mimi sikuvuta. Msifikiri ni ujasiri. Kwenye nyumba ya wazee tunafundishwa kwamba mgonjwa akikushika mkono kwa nguvu usinyakue, legeza, atalegeza. Kiliani akaubana mkono, akautikisa kidogo, akaniangalia kwa jicho moja. Akaweka mguu mmoja, vidole viwili mbele na viwili nyuma, akaishia hapo. Daktari alikuwa ametuambia mguu mmoja ni shughuli kamili, kwa hiyo nikalipa mguu mmoja. Mguu wa pili ulikuja siku nyingine, baada ya majadiliano.

Kuhusu neno la kumwambia, bibi alitaka la Kijerumani. Mimi mdomoni likanitoka "Panda", na kwa kuwa ndilo lililotangulia na pilipili, ndilo likashika. Tatizo, mtu aliyekulia stendi ya Mbinga hawezi kusema "panda" ikaishia hapo. Nikajikuta naongeza "panda twende, siti zipo". Ndege ameibeba yote. Sasa mtu yeyote akipita mlango wa sebule anaitwa Songea. Mtu wa posta ameuliza ni lugha gani. Bibi akamjibu kwa fahari kwamba ni sala ya Kimatengo.

Na ana ruhusa ya kukataa. Hilo ndilo limemshinda mtoto wa bibi kulimeza. Nikileta mkono, Kiliani akijivuta nyuma hata kwa upana wa unyoya, nasema sawa, naondoka, narudi baada ya chai. Mhandisi anasema huko ni kudekeza, na kwamba ndege ameshatushinda. Mimi natazama vidole vyangu, natazama vyake, namwachia hoja.

Isipokuwa kidole cha shahada, ndiyo. Mdogo wangu, hapa usiruke mstari, soma kwa sauti. Nani alinisumbua wiki nzima nimtumie video usiku huu huu, watu wanasubiri? Nikawasha taa ya simu usoni mwa ndege aliyekwisha kulazwa. Alijivuta nyuma, akawa mwembamba, akanguruma, yote aliyafanya kwa mpangilio kama daktari alivyosema, ila gizani mimi nilikuwa natafuta kitufe. Sikupiga kelele, maana kelele kwake ni maigizo, ukimpa maigizo leo kesho atakata tiketi tena. Nilisema "asante" kwa meno yaliyobana, nikaenda bafuni kulia kistaarabu.

Baba Mdogo, swali lako nimelipata. Ni kweli kasuku kama huyu hapa anauzwa zaidi ya Yuro elfu moja. Ni kweli kusini mwetu wapo kasuku wa kijani wanaoiba mahindi bila kulipa kitu. Lakini hiyo biashara ya kutega na kuleta huku umechelewa kizazi kizima. Zamani ilikuwepo. Kasuku wadogo wa Fischer, wa kwetu kabisa, wale wa kusini mwa Ziwa Viktoria, miaka ya 1980 walikuwa miongoni mwa ndege wa porini waliouzwa kwa wingi kuliko wote duniani. Umoja wa Ulaya ulifunga mlango kwa ndege wa porini mwaka 2005, mafua ya ndege yalipoingia, na mwaka 2007 ukaupiga kufuli moja kwa moja. Tanzania nayo ilizuia kusafirisha wanyamapori hai nje ya nchi mwaka 2016. Mwaka huo huo, mjini Johannesburg, mataifa yalikubaliana kwamba kasuku wa kijivu wa porini asiuzwe kabisa baina ya nchi na nchi, na kulikuwa na sababu: Ghana, walikokuwa wamejaa, watafiti walikuta wamepungua kwa asilimia 90 hadi 99 tangu 1992. Wanaouzwa sasa wamezaliwa tunduni, wana pete na vyeti. Kwa hiyo ule mtego unaousuka, mweke kuku. Na usiniulize tena kwenye simu, huku mazungumzo kama hayo hayapendezi.

Mnauliza anaongea nini kingine. Mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa akitutukana kwamba tunakariri kama kasuku. Bibi wa huku ana kitabu kuhusu kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex, aliyenunuliwa dukani huko Marekani mwaka 1977 na mtafiti Irene Pepperberg. Mpaka anakufa mwaka 2007 alikuwa akitaja rangi na maumbo, akihesabu mpaka sita, na akiulizwa vitu viwili vinatofautiana kwa lipi anajibu. Darasa letu lilikuwa na watu ambao wangefurahi kufika hapo. Wengine mmekaa hapo uwanjani, siwataji.

Kiliani hahesabu, ila ana sauti. Anayo milio ya simu zote zilizopita nyumba hii tangu enzi za simu ya kuzungusha. Anacho kikohozi cha marehemu. Jioni, saa ya gazeti, anakohoa kile kikohozi, halafu anamwita bibi kwa jina, kwa sauti ya mumewe, mara moja tu, kama mtu anayetaka miwani. Bibi, najua unavyofikiri. Hakuna haja ya kumwita mtu wa kutambikia, ni ndege anayekumbuka. Miezi ya mwanzo mama huyu alikuwa anatoka chumbani. Siku hizi anajibu, "Iko mezani," anaendelea kufuma.

Mama, na wewe umo. Kila Jumamosi unapopiga, swali lako la kwanza ni lile lile, na spika ya simu yangu ina sauti kubwa. Sasa asubuhi bibi anapofunua tundu, anapokewa na sauti yako, na kilafudhi chako chote: "Umekula?" Alitaka kujua maana yake, nikamwambia. Akakaa kimya, kisha akasema tangu mumewe afe hakuna mtu nyumba hii aliyekuwa akimuuliza hivyo. Ikawa kila akiulizwa anakwenda kula. Amenenepa kidogo. Daktari wake amefurahi, anadhani ni dawa.

Habari kubwa nimeiweka mwisho. Lile sharti la mwongozo, kwamba kasuku asikae peke yake, daktari alilikumbusha tena, na bibi akakubali kumtafutia Bwana Kiliani mke. Sasa kasuku wa kijivu, dume na jike kwa macho wanafanana. Mpaka wapimwe. Ukachukuliwa unyoya wenye damu kidogo kwenye shina lake, ukapelekwa maabara, na wiki iliyopita bahasha ikarudi. Bibi akasoma, akavua miwani, akaifuta, akasoma tena. Bwana Kiliani ni jike.

Nilidhani atalia. Alicheka mpaka nikamshika bega asianguke. Alisema miaka yote ile amelala nyumba moja na mwanamke mwingine, aliyekuwa akimbusu mume wake shavuni na kumng'ata yeye kila anapoleta kahawa, na mumewe akimwambia, "Ni wivu tu wa kiume." Alienda kwenye picha ya marehemu, akamwonyesha ile karatasi. Toka hapo wamepatana, yeye na ndege. Juzi Kiliani amempandia mkononi bila hata pilipili, ingawa kabla ya kupanda alimwambia siti zipo.

Kwa hiyo tunatafuta dume. Kuna mfugaji kijiji cha jirani anaye mmoja, mtulivu, mjane pia, na ametaja bei. Bibi amestuka, si kwa ukubwa wa bei, bali kwa kuwa nilimwambia kwetu anayetoa ni upande wa mwanamume. Ameipenda sana mila yetu. Anataka barua iandikwe kwa mfugaji kistaarabu, na mazungumzo yafanyike kabla ya sikukuu ya Kiliani. Baba Mdogo, wewe ndiye mshenga wetu, umeoza mabinti wangapi hapo Mbuji? Nijibu haraka kupitia huyu mama wa msafara. Upande wetu tuna nyumba ya mita mbili, cheti cha Umoja wa Ulaya, na binti wa miaka zaidi ya arobaini, anayejua kuita abiria, na anayeng'ata. Tuanze na kiasi gani?

Ni mimi mtoto wenu,
Würzburg